Walikataa Olimpiki, wakakubali mashindano ya dunia: Valais inatafuta nini?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ninaishi Sierre, huku Uswisi, katika jimbo la Valais, na kazi yangu ni ya hotelini. Mlimani juu yetu, Crans-Montana, wanajiandaa kwa mashindano ya dunia ya skii ya Februari 2027. Wenzangu kazini wananiambia kwamba mwaka 2018 watu wa jimbo hilihili walipiga kura wakaikataa Olimpiki. Na sasa nasikia tena habari za Olimpiki ya 2038. Hawa watu wanayataka mashindano au hawayataki? Na faida yake ni ya nani? Maana sisi tunaotandika vitanda hatuioni.

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Wanayataka, lakini wameshajifunza kuuliza bei kabla ya kuonja. Ukitazama Valais ilivyohangaika na mashindano haya kwa zaidi ya miaka 50, utaona kwamba watu wa mlimani hawaukatai mchezo. Wanachokataa ni hesabu ambayo mwisho wake hauonekani. Mashindano ya dunia yana mwisho unaoonekana, Olimpiki haina.

Wala usidhani skii ilipelekwa kwao juzi. Hapo juu yako, Januari 1911, Waingereza waliokuwa likizoni walipanda hadi mto wa barafu wa Plaine Morte, wakalala kwenye kibanda, kisha asubuhi wakashindana kushuka hadi Montana. Hakukuwa na njia iliyosafishwa wala lifti, na mshindi alitumia kama saa moja. Wanahistoria wengi wa mchezo huu huyahesabu mashindano yale kuwa mwanzo wa mbio za kushuka mlima kama zinavyojulikana leo. Mwaka huohuo ile treni ya kamba unayoiona pale Sierre ilianza kupandisha wageni. Tangu hapo wageni na skii ndiyo riziki ya vijiji vya juu, na kijiji kinachoishi kwa wageni lazima jina lake lisikike.

Hapo ndipo Olimpiki inapoingia. Sion, makao makuu ya jimbo, iliomba uenyeji wa Olimpiki ya majira ya baridi ya 1976. Kura ilipigwa Amsterdam mwaka 1970, na Denver ya Marekani ikashinda kwa kura 39 dhidi ya 30 za Sion. Miaka miwili baadaye wananchi wa Colorado wakapiga kura ya kuzuia fedha zao zisitumike, Denver ikajitoa, na michezo ikapelekwa Innsbruck, Austria. Sion iliyoshika nafasi ya pili haikupata kitu. Likumbuke tukio hilo la Colorado, kwa sababu ndilo la kwanza na la pekee hadi leo ambapo kura ya wananchi iliulazimisha mji uliokwisha kupewa Olimpiki kuirudisha.

Sion ikarudi kuomba ya 2002. Mwaka 1995 mjini Budapest, Salt Lake City ya Marekani ilizoa kura 54 katika duru ya kwanza, na Sion ikaambulia 14. Haikukata tamaa, ikaomba ya 2006, na safari hii ilikuwa na kila sababu ya kutumaini. Wananchi wa Valais walikuwa wamepiga kura mwaka 1997 na karibu theluthi mbili wakaunga mkono. Aliyeongoza kampeni ni Adolf Ogi, waziri wa serikali ya shirikisho na mtoto wa mlimani, kijiji cha Kandersteg. Wachambuzi wengi waliitaja Sion kuwa ndiyo yenye nafasi kubwa zaidi.

Kilichoiangusha hakikutoka Valais. Mwishoni mwa 1998 iligundulika kwamba Salt Lake City ilikuwa imewapa baadhi ya wajumbe wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki (IOC) zawadi, matibabu, fedha na ada za vyuo vya watoto wao. Aliyesimama mbele ya waandishi wa habari mjini Lausanne na kusema wazi kwamba kura zinanunuliwa alikuwa Marc Hodler, mjumbe mzee wa kamati hiyohiyo, naye ni Mswisi. Wajumbe sita walifukuzwa Machi 1999, wengine walijiuzulu, miongoni mwao mmoja kutoka Kenya. Miezi mitatu baadaye, wajumbe waliobaki walikaa Seoul kuchagua mji wa 2006. Torino ya Italia ilipata kura 53, Sion 36. Pale Sion watu walikuwa wamejaa uwanja wa Planta wakingoja kusherehekea.

Je, ilikuwa kisasi kwa sababu ya mdomo wa Hodler? Karibu kila mtu Valais anaamini hivyo. Mimi pia naona kisasi kilikuwemo, ingawa Torino ilikuwa na nguvu zake: mji mkubwa, viwanda, na familia ya Agnelli yenye kampuni ya magari ya Fiat nyuma yake. Jambo la muhimu kwa swali lako ni hali waliyobaki nayo watu. Tangu siku ile, mkulima wa mizabibu wa pale bondeni akisikia neno IOC hafikirii medali.

Ndiyo maana 2018 haikunishangaza. Mpango wa Sion 2026 kwenye karatasi ulikuwa wa kiasi. Michezo ingesambazwa katika majimbo kadhaa ili kutumia viwanja vilivyopo, na mbio za bobsledi (kigari kinachoteleza kwenye njia ya barafu) zingepelekwa St. Moritz, upande wa pili wa nchi. Serikali ya shirikisho ilisema iko tayari kuchangia hadi faranga milioni 994. Jimbo la Valais liliombwa milioni 100, na kwa sheria zao fedha kama hizo wananchi wanaweza kuzipigia kura. Tarehe 10 Juni 2018 asilimia 53.98 walisema hapana. Hata wakazi wa mji wa Sion wenyewe, ambao jina lao lingebandikwa kwenye kila fulana, waliikataa.

Sababu zilikuwa kadhaa, lakini ukizikusanya zinarudi palepale: nani atafidia bajeti ikipasuka? Watu walikuwa wameiona Olimpiki ya Sochi, Urusi, ya 2014, ambayo makadirio yanayotajwa sana ni dola bilioni 51. Waliambiwa IOC imebadilika, na wao wakakumbuka Seoul. Tena ile milioni 100 ilikuwa sehemu ya jimbo tu. Gharama za ulinzi na hasara yoyote ambayo ingeweza kutokea hazikuwa na mwenyewe anayeeleweka kwa mtu wa kawaida.

Wala Valais haikuwa peke yake. Jimbo la Graubünden, lenye St. Moritz na Davos, lilikataa mwaka 2013 na likakataa tena 2017. Wananchi wa Munich walikataa 2013, wa Tyrol ya Austria 2017, na wa Calgary huko Kanada Novemba 2018. Kila walipoulizwa wenye milima, jibu likawa lilelile. Kwa hiyo yule mwenzako kazini anayesema watu wa Valais ni wabishi anawaonea bure.

Sasa tuje Crans-Montana. Mashindano ya dunia ya skii ya alpine, yaani ya kushuka mlima, yako chini ya Shirikisho la Kimataifa la Skii (FIS), siyo IOC. Ni mchezo mmoja, wiki mbili, kuanzia tarehe 1 hadi 14 Februari 2027, wanariadha mia kadhaa badala ya karibu 3,000, kwenye miteremko ambayo tayari inatumika kila mwaka kwa mbio za Kombe la Dunia, yaani mfululizo wa mbio za kila msimu. Hakuna mnara wa kuruka kwa skii wa kujengwa, hakuna njia ya bobsledi, hakuna kijiji cha wanamichezo cha kutafutiwa wapangaji baadaye. Kijiji kimeshawahi kuyaandaa, mwaka 1987, na Waswisi walipata medali 8 za dhahabu kati ya 10. Pirmin Zurbriggen, mtoto wa bonde la Saas, hapohapo Valais, alichukua mbili. Watu wazima wa pale wakikumbuka 1987 macho yanang'aa. Kumbukumbu hiyo ina thamani kubwa kuliko kitabu chochote cha kampeni.

Na hata hivyo hawakupewa bure. Waliomba ya 2025, Saalbach ya Austria ikawashinda. Wakaomba tena, na Mei 2022 mjini Milan, FIS ikawachagua mbele ya Garmisch-Partenkirchen ya Ujerumani, Soldeu ya Andorra na Narvik ya Norwei.

Unaposikia wanajiandaa, huenda unafikiria mabango na majukwaa. Kazi kubwa iko chini ya theluji. Mteremko wa mashindano haufanani na ule anaoteleza mgeni wa hotelini kwako. Theluji laini ya mtalii ikipitiwa na wakimbiaji kumi inachimbika mifereji, na wa kumi na moja anavunjika goti. Kwa hiyo usiku, baridi ikikaza, wafanyakazi hushuka na bomba refu lenye matundu, hulichomeka ndani ya theluji, hupuliza maji, hulichomoa, husogea hatua moja, huchomeka tena, hivyohivyo mteremko mzima. Maji yakiganda kunapatikana barafu ngumu ambayo mkimbiaji wa kwanza na wa 50 wanaikuta karibu sawa. Kando yake kuna nyavu za usalama za tabaka mbili tatu, na nguzo zake zinasimikwa ardhini kabla theluji haijaanguka. Ongeza mabomba ya maji na umeme ya mashine za theluji, mabwawa ya kuhifadhi maji, eneo la kumalizia mbio, barabara ya magari ya televisheni. Sehemu kubwa ya kazi hiyo inafanyika kiangazi, wakati wageni wanacheza gofu.

Hapo ndipo kwenye jibu langu hasa kuhusu faida. Mashindano makubwa hayaleti utajiri kwa zile wiki mbili. Februari hoteli za mlimani tayari zina wageni. Wanapokuja waandishi na timu, wateja wa kawaida wanakimbia kelele na kwenda kijiji cha jirani, kwa hiyo vitanda unavyotandika ni vilevile, ila aliyelala ndani amebadilika. Faida ya kweli ni kwamba mashindano yanaweka tarehe. Lifti iliyochakaa ambayo halmashauri, jimbo na kampuni wangebishana juu yake kwa miaka 20, inajengwa kwa sababu Februari 2027 haiahirishwi. Fedha ya shirikisho ambayo ingegawanywa kwingine inapatikana kwa sababu bendera ya taifa itapepea pale. Wanasiasa wa mlimani wanalijua hilo vizuri, ingawa jukwaani watakuambia habari za vijana na michezo.

Crans-Montana ilikuwa na haja ya tarehe kama hiyo. Aprili 2018, wiki chache tu kabla ya ile kura ya Olimpiki, lifti zake zilisimamishwa kwa siku kadhaa kwa sababu kampuni na halmashauri walikuwa wanagombania malipo, watalii wakabaki chini wameshika skii mkononi. Mwaka 2024 kampuni ya Marekani ya Vail Resorts ilinunua sehemu kubwa ya kampuni hiyo ya lifti. Siamini kwamba hesabu za Wamarekani hao hazikuwa na 2027 ndani yake.

Kuna na jambo la nyumba. Vijiji vya Valais vimejaa nyumba za mapumziko ambazo wenyewe wanakuja wiki chache kwa mwaka, madirisha yamefungwa muda uliobaki. Wenyeji huziita vitanda baridi. Machi 2012 Waswisi walipitisha kwa asilimia 50.6 sheria ya kuzuia nyumba za aina hiyo zisizidi asilimia 20 katika kila halmashauri. Valais iliipinga vikali, ikashindwa. Tangu hapo njia ya zamani ya kupata fedha, yaani kuuza kiwanja na kujenga nyumba nyingine ya mgeni, ilibanwa sana. Ikabidi kutafuta njia ya kuvifanya vitanda vilivyopo vilale watu. Mashindano ni mojawapo, na siyo ya baridi peke yake: mwaka 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za milimani yalifanyika Valais, yakasambazwa katika vijiji kadhaa, Crans-Montana ikiwemo.

Nikikuambia hivyo usidhani kila mashindano ya ukubwa wa kiasi yanafanikiwa. Zermatt, kwa umaarufu wake wote, ilijaribu na ikaumbuka. Ilipanga pamoja na Cervinia ya Italia mbio za kushuka zitakazoanzia upande wa Uswisi, zaidi ya mita 3,500 juu ya usawa wa bahari, na kumalizikia Italia, chini ya ule mlima wa Matterhorn unaochorwa kwenye kila kitu kuanzia chokoleti. Picha ingekuwa nzuri mno. Mwaka 2022 theluji haikutosha, mbio zikafutwa. Mwaka 2023 theluji na upepo vikazidi, zikafutwa. Kabla ya hapo vijiko vya kuchimba vilipigwa picha vikikwangua mto wa barafu ili kutengeneza njia, nchi nzima ikapiga kelele, na jimbo likaamuru kazi isimamishwe kwenye sehemu zilizokuwa nje ya kibali. FIS ikayaondoa kwenye kalenda. Misimu miwili, hakuna mkimbiaji hata mmoja aliyeshindana.

Kwangu mimi kisa hicho kina uzito kuliko hotuba zote za hali ya hewa. Mito ya barafu ya Alps inapungua kila kiangazi, na kijiji kinachotaka mashindano lazima kithibitishe kwamba kitakuwa na theluji, ya Mungu au ya mashine. Mashine nazo zinataka baridi: hewa ikiwa na unyevu na joto likiwa juu ya sifuri hazifui dafu. Beijing mwaka 2022 ilitumia karibu theluji ya mashine tupu, lakini baridi kavu ilikuwepo. Vijiji vya chini vya Alps havina hakika hiyo. Vijiji vya juu kama vya Valais vinayo zaidi, na sitashangaa IOC ikizidi kuvitazama kwa jicho la mahaba.

Ndiyo 2038 hiyo. Baada ya kukataliwa kila mahali, IOC iliacha ule mtindo wa miji mingi kushindana hadi siku ya kura. Siku hizi inazungumza kimyakimya na anayeonekana kufaa. Novemba 2023 iliichagua milima ya Ufaransa kwa mazungumzo ya mwisho kuhusu 2030 na Salt Lake City kuhusu 2034, na ikaipa Uswisi mazungumzo ya peke yake kuhusu 2038, hadi mwisho wa 2027. Safari hii hakuna jina la Sion mbele. Mwenyeji atakuwa nchi nzima, viwanja vilivyopo, gharama kubwa zibebwe na mapato ya michezo yenyewe na watu binafsi. Kwa maneno mengine, wanajaribu kuifanya Olimpiki ifanane na mashindano ya dunia: mengi madogo yaliyounganishwa.

Je, watu watakubali? Tazama bobsledi, utapata dalili. Torino ilijenga njia mpya Cesana kwa ajili ya 2006, ikaja kuachwa miaka michache baadaye. Cortina, Italia hukohuko, nayo ikajenga mpya kwa ajili ya 2026, kwa euro zaidi ya milioni 100, ingawa IOC yenyewe ilishauri zitumike zilizopo nchi za jirani. Uswisi ina ile ya St. Moritz, ambayo tangu 1904 inafinyangwa upya kila mwaka kwa theluji na maji, na ikifika machipuko inayeyuka yote. Wakishikilia hapo, na mwenye kufidia hasara akatajwa kwa maandishi, nadhani kura ikipigwa wana nafasi. Wakianza kuongeza jengo hapa na jengo pale, Valais itakuwa ya kwanza kukataa.

Kuna kivuli ambacho siwezi kukiruka. Usiku wa kuamkia mwaka mpya 2026 moto uliwaka kwenye baa moja hapo Crans-Montana, ukaua watu 40 au zaidi, wengi vijana wadogo. Wewe uko hapo, unajua kuliko mimi watu walivyo. Maandalizi ya 2027 sasa yanaendelea katika kijiji chenye msiba, na maswali kuhusu ukaguzi wa majengo hayatangoja mashindano yaishe.

Mwisho, kuhusu ninyi mnaotandika vitanda. Fedha ya mashindano humfikia kwanza mkandarasi, kisha kampuni ya lifti, kisha mwenye hoteli. Mfanyakazi hupata saa za ziada na mkataba wa msimu, tena sehemu kubwa ya kazi za uwanjani hufanywa na watu wa kujitolea wasiolipwa, na jeshi la Uswisi huwa linasaidia kutengeneza miteremko. Kama mwajiri wako anapanga kuongeza wageni Februari 2027, zungumzeni mapema, msimu huu, kuhusu saa za ziada na makazi ya wafanyakazi, kwa sababu mashindano yakikaribia vyumba vya kupanga huku bondeni vitapanda bei au vitakosekana.

Na kama uliwazia kupiga kura siku jambo la 2038 likiletwa: bila uraia wa Uswisi hutaweza. Rasimu ya katiba mpya ya Valais ingewapa wageni wakazi haki ya kupiga kura angalau katika halmashauri, lakini ilikataliwa tarehe 3 Machi 2024. Jirani zenu wa jimbo la Vaud wanayo haki hiyo kwenye halmashauri, wakishakaa muda wa kutosha. Kujitolea uwanjani, hata hivyo, hakuhitaji pasipoti nyekundu, na anayezungumza Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili anaweza kufaa kuliko anavyodhani. Kenya ilikuwa na mwakilishi, Sabrina Simader, kwenye mashindano ya dunia ya St. Moritz mwaka 2017. Sheria za FIS bado zinaacha mlango kwa mataifa madogo ya skii.